Sabuni ya Nyumba Kumi

Mimi nina hasira za karibu, na sioni sababu ya kulificha jambo ambalo mtaa mzima wa Kanyenye unalijua. Mtu akiniuliza leo, na uzee huu, kama ni kweli nilikuwa fundi bomba, namtazama kwanza miguuni, halafu usoni, halafu namwambia aende uani kwangu akakague viungo vya bomba aone kama kuna hata kimoja kinachovuja. Wengine huenda kweli. Wanarudi na viatu vikavu.

Nilianza kama muosha madebe. Kiwanda chetu kilikuwa cha asali na nta, kidogo tu, cha ushirika, kando ya njia ile ya zamani iliyopitiwa na misafara ya kwenda Ujiji. Miaka ile ya Ujamaa warina asali walituletea mzigo kutoka misituni kwa baiskeli, debe moja nyuma na jingine likining'inia ubavuni. Sisi wanawake sita tulikaa kwenye sakafu ya saruji tukisugua madebe kwa majivu na mchanga. Nasema majivu na mchanga kwa sababu sabuni haikuwapo. Ikifika dukani foleni inaanza alfajiri, na wewe ukifika mbele unaambiwa imekwisha, njoo wiki ijayo, ndugu.

Kuosha madebe hakukuniudhi. Kilichoniudhi ni kwamba nilizaliwa katikati ya ufundi na hakuna aliyenipa hata nyundo. Baba alikuwa fundi bati. Alitengeneza vibatari, mabirika na ndoo pale pale barazani kwetu, na watu walimwita Fundi hata msikitini. Alinipenda, sisemi uongo. Aliniita "mama", na kipande cha kwanza cha muhogo kilikuwa changu. Lakini nikishika chuma chake cha kulehemu aliniondolea mkononi taratibu na kusema, "Weka, mama, utaungua." Kaka zangu waliungua kila wiki na hakuna aliyewaondolea kitu.

Pale kiwandani kulikuwa na bomba moja lililotutesa. Asali huwezi kuiweka juu ya moto. Inaungua, inakuwa nyeusi, inapoteza harufu ya maua. Kwa hiyo tulikuwa na matangi yenye kuta mbili, na katikati ya kuta hizo tulipitisha maji ya moto kutoka kwenye boila la kuni. Asali ikishalainika na kuchujwa, maji ya moto yanafungwa, na bomba lile lile linapitisha maji baridi ya kisima ili asali ipoe kabla haijaingia kwenye madebe. Asubuhi moto, mchana baridi, kila siku ya Mungu. Sasa bomba la chuma likipata moto linarefuka, likipata baridi linafupika, hata kama macho hayaoni. Pale lilipochomelewa hapakukubali kurefuka wala kufupika, kwa hiyo palipasuka. Mchomeleaji akaja, akachomelea, likapasuka pembeni. Mwishowe mitungi ya gesi ya kuchomelea ikaacha kabisa kuja na treni.

Siku moja maji ya moto yalichuruzika hadi pale tulipokaa, na wanaume wakaitisha kikao kuhusu ufa. Wakiwa kikaoni mimi nilichukua kipande cha mpira wa baiskeli na waya, nikaufunga ufa, nikarudi kwenye madebe yangu. Meneja alipotoka na maazimio yake akakuta hakuna kinachovuja. Hakunisifu, ila tangu siku hiyo ufa ukitokea aliniita mimi.

Ndipo alipokuja mtani wangu. Alishuka kwenye treni ya kutoka Dar es Salaam na makreti mawili ya mbao, fundi wa Kizaramo, mfupi, mwenye kicheko kinachomtangulia mlangoni. Mama yangu ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu wapagazi wa huku walipokuwa wakitembea na pembe mabegani hadi pwani. Mtani anakutukana na huruhusiwi kununa. Mtani anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, akasema hiki changu, na ukikidai watu wanakucheka wewe.

Aliniona nimebeba madebe mawili akasimama. "Loo! Bado mnabeba mizigo tu? Hamjaambiwa msafara uliisha?"

"Na ninyi bado mnacheza ngoma hadi asubuhi halafu mnaomba chakula kwa jirani?" nikamjibu.

Alicheka hadi akashika ukuta. Meneja alipomuuliza anataka msaidizi yupi, alisema, "Nipe huyu mwenye mdomo." Hivyo ndivyo nilivyoacha madebe, kwa muda.

Ndani ya makreti kulikuwa na vitu ambavyo sikuwahi kuviona. Yeye aliviita kapulingi. Sisi tukaviita pingu, maana vilifunga bomba kama pingu inavyofunga mkono. Kwanza unachukua mashine ya mkono yenye magurudumu mawili ya chuma, unaizungusha kwenye ncha ya bomba hadi ibonyeze mfereji mwembamba kuzunguka bomba lote, bila kutoboa. Unafanya hivyo pia kwenye ncha ya bomba la pili. Halafu unazikutanisha hizo ncha mbili, unavalisha pete ya mpira mweusi juu ya maungano, na juu ya mpira unaweka nusu mbili za chuma ambazo kingo zake zinaingia kwenye ile mifereji. Bolti mbili, nati mbili, spana moja. Basi. Hakuna moto, hakuna gesi.

"Kaza huku kidogo, huku kidogo," alinifundisha, "hadi vyuma vikutane. Ukikaza upande mmoja tu unaubana mpira."

Tulipofunga cha kwanza nilikishika nikakitikisa, na bomba likacheza kidogo mkononi. Nikaruka. "Mbona linacheza?"

"Liache licheze. Tumeacha nafasi kati ya ncha na ncha, ndogo, ili bomba likipata moto lipate pa kurefukia. Kuzuia maji ni kazi ya mpira, na maji yenyewe yanausaidia. Yanaingia ndani yake yanazisukuma kingo zake zilale juu ya chuma."

Nilipenda. Sijui nisemeje. Nilikuwa nimeona maisha yangu yote kwamba kuunga ni kuchoma, na huyu ananiambia kuunga ni kuacha nafasi na kukaza sawasawa. Nilirudi nyumbani nikiongea peke yangu barabarani.

Sharti lake lilikuwa moja, na alilirudia kila mara. Mpira kabla ya kuvalishwa upakwe sabuni iliyolowekwa, ili uteleze na ukae mahali pake bila kujikunja. "Sabuni na maji tu," alisema. "Usipake grisi, inaula mpira. Usipake mafuta ya karanga. Usipake mate yako, mtani, hayo ni sumu." Alikuwa na kopo dogo la sabuni yake iliyolowekwa, na tulilitumia juma zima kwenye bomba la kuleta maji ya kisima hadi tukalimaliza lote, pingu baada ya pingu, na bomba halikutoa hata tone.

Kisha ikaja simu ya maandishi kutoka Dar: arudi haraka. Bomba la matangi, lile lenyewe la moto na baridi, lilikuwa bado. Viungo kumi na viwili. Mtani alimwambia meneja kwamba mimi naweza. Meneja alikuwa mtu mzuri lakini mwoga wa lawama.

"Sikiliza, dada," alisema. "Behewa la asali linapakiwa Jumatatu ya wiki ijayo. Ukilifunga bomba hili likakaa kavu, nakuandika fundi kwenye daftari la wafanyakazi, cheo kamili. Likivuja, naomba fundi Dar, na wewe unarudi kwenye madebe na sitaki kusikia tena habari za spana."

Nikasema sawa. Nilisema sawa upesi mno, kama kawaida yangu.

Nilimsindikiza mtani stesheni. Alipofungua mfuko wake kutoa tiketi nikaona mche mzima wa sabuni, wa kijani, bado una harufu ya duka. Jamani! Sikuwa nimeona mche mzima kwa miezi. Nikautwaa. "Hii yangu!"

Watu wote kwenye benchi walicheka. Yeye alicheka hadi akakohoa. "Chukua, mtani, chukua," alisema. "Utanikumbuka ukiitumia." Treni ikaondoka, nikarudi mjini na mche wangu kwapani kama mtu aliyeshinda vita.

Mama alikuwa balozi wa nyumba kumi, ndiye aliyeziongoza. Kwake kitu adimu kikiingia nyumbani kwa balozi ni cha nyumba kumi, hakuna mjadala. Alitandika kitenge, akachukua uzi wa kushonea, akaukata mche vipande kumi, vimelingana utafikiri amepima kwa rula, na kabla ya magharibi kila nyumba ilikuwa na chake. Majirani walikuja kushukuru. Walinisifu mimi na mtani wangu, na nilikaa pale mlangoni nikipokea sifa kama bibi harusi.

Jumatatu nilifungua kreti, nikatoa pete za mpira, nikachukua lile kopo la sabuni. Tupu. Tulikuwa tumelikwangua hadi bati. Nilisimama nalo mkononi, na taratibu nikaelewa kwamba ule mche nilioutwaa stesheni ndio uliokuwa wa kazi.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa meneja akasema ukweli. Mimi nikamwona kichwani mwangu akitikisa kichwa na kusema, nilijua. Nikasema moyoni, sithubutu. Kisha nikageuka, na hapo nyuma yangu kulikuwa na nta imepangwa hadi darini. Kwetu hakuna kisichopakwa nta. Kibuyu kinachovuja, msumeno unaokwama, uzi wa mshona viatu, ngozi ya ngoma, vyote nta. Nikajiambia: nta si grisi, nta si mafuta ya karanga, na mtani hakuitaja. Nikaichezea mkononi hadi ikalainika, nikaipaka kwenye mpira wa kwanza. Ulikaa vizuri ajabu.

Siku tatu nilifunga viungo vyote kumi na viwili. Alhamisi nikafungulia maji baridi, nikatembea na kitambaa kikavu kutoka kiungo hadi kiungo. Kavu, kavu, kavu. Jioni hiyo nyumbani nilikuwa sishikiki. Nilimwambia baba aje kesho asubuhi aone kazi ya mwanawe.

"Kiungo bila moto?" alisema baba, anachomoa mwiba wa samaki. "Mama, hicho si kiungo. Hicho ni kifungo cha shati."

Lakini alikuja. Ijumaa saa tatu alikuwa amesimama pale na kanzu yake ya msikitini, mikono nyuma. Meneja alikuwapo, na wenzangu wa madebe walikuwa wamejipanga ukutani. Mchochea boila, mzee wa kanisani kutoka vijijini ambaye hakuwahi kuharakishwa na mtu, alinisalimia kwa Kinyamwezi kama kila siku. "Mwangaluka. Leo namchemshia fundi au namchemshia muosha madebe?"

"Fundi," nikasema. "Chochea."

Maji ya moto yaliingia. Bomba likaanza kugongagonga taratibu, linarefuka. Kisha nikasikia harufu ya nta. Mstari mwembamba wa njano ukatoka chini ya pingu ya kwanza, ukashuka, na nyuma yake likaja tone la maji. Halafu la pili. Halafu pingu ya tatu, na ya nne, na ya saba, hadi zote kumi na mbili zikawa zinalia na sakafu inang'aa. Mmoja wa wenzangu alicheka. Sikumlaumu hata wakati ule, ilichekesha.

Meneja alikunja daftari lake. "Kesho adhuhuri," alisema. "Zaidi ya hapo siwezi. Asali bado imeganda na behewa halinisubiri mimi." Akaenda zake.

Nilirusha spana. Iligonga ukuta, ikarudi, karibu initoe jicho. Nilipogeuka kumtafuta baba, alikuwa amekwisha kuondoka. Hapo ndipo nilipoumia kweli. Meneja angeweza kunirudisha kwenye madebe na ningeishi. Lakini baba alikuwa ameona kwa macho yake kwamba alikuwa sahihi, kwamba sikupaswa kupewa kitu mkononi, na nililia pale pale mbele ya wote bila aibu.

Mchochea boila alizima maji, akaniokotea spana. "Umemaliza? Haya, fungua kimoja tuone."

Nikafungua. Mpira ulikuwa mzima, lakini ile nafasi ya ndani ambamo maji huingia kuusukuma ilikuwa imejaa nta, na chini ya kingo zake kulikuwa na nta tupu. Ilipokuwa baridi mpira ulikalia nta ngumu nikadhani umekalia chuma. Ilipoyeyuka, mpira ukabaki hewani, umejikunja pembeni. Sikuhitaji kueleza, mzee aliona.

"Ulitakiwa upake nini?"

"Sabuni."

"Iko wapi?"

"Mtaa wangu umeogea," nikasema.

Alicheka taratibu, mabega tu. Alisema atanichemshia maji niyeyushe nta kwenye mipira na kwenye vyuma, lakini sabuni hawezi kuichemsha kutoka hewani, niende nikaitafute.

Nilikimbia nyumbani nikamwambia mama aite nyumba kumi. Mama hata hakuinua macho kwenye ungo wake wa karanga. "Mimi nimegawa, siwezi kukusanya. Nenda mwenyewe. Na uanze na shikamoo, si na huo mdomo."

Sijawahi kuaibika vile. Kuomba ni jambo moja. Kurudi kuomba kitu ulichokwisha kumpa mtu ni jambo jingine kabisa. Nyumba ya kwanza walinipa kipande kimebaki kama kucha. Nyumba ya pili kilikuwa kimekwisha kwenye nepi za mtoto, na mama mtoto alinionyesha nepi zenyewe kwenye kamba, nyeupe, ili nisimdhanie uongo. Nyumba ya tatu bibi mmoja mjane alifungua pindo la khanga yake akatoa kipande hakijaguswa. Nilimsalimu shikamoo mara mbili kwa kuchanganyikiwa, na mara zote mbili aliitikia marahaba. Nyumba ya tano mwenye nyumba alisimama mlangoni, msuli kiunoni, akauliza, "Ulinipa au uliniazima?" Siku nyingine ningemjibu jibu ambalo angelitafuna hadi Idd. Siku hiyo nilisema, "Nilikupa, kaka. Nakuomba." Aliingia ndani akakaa sana, akatoka na nusu.

Nyumba ya kumi ilikuwa yetu. "Chetu kiko wapi?" nilimuuliza mama.

"Baba yako alikichukua."

Basi, amekiogea josho la Ijumaa, nikajua. Sikuuliza zaidi.

Mchana ule nililoweka vipande vyote kwenye kopo, vingine na nywele zake, nikavuruga kwa kijiti hadi vikawa uji mweupe. Nta iliyoyeyuka nikaifuta kwenye kila mpira, nikasugua kwa majivu, nikasuuza. Halafu nikaanza upya. Paka, valisha, hakikisha umekaa, weka nusu mbili, kaza huku kidogo, huku kidogo. Uji ulitosha viungo vinane. Kufika magharibi kopo lilikuwa kavu na viungo vinne viko wazi, nikaenda kulala nikiwa sina la kufanya.

Asubuhi ya Jumamosi nilipofika kiwandani nilimkuta baba amekaa juu ya debe lililopinduliwa, amevaa nguo zake za kazi, anapiga soga na mchochea boila kuhusu mvua. Nikampa shikamoo. Aliitikia, akaingiza mkono mfukoni, akanipa kibati cha tumbaku. Ndani kulikuwa na kipande chetu cha sabuni, kizima, alama za uzi wa mama bado ziko pande mbili.

"Nilikuwa nakiweka cha Idd," alisema.

Nikakitumbukiza kwenye kopo nikaanza kuvuruga. Baba alisimama juu yangu, anatazama.

"Jana niliondoka kwa sababu sikuelewa maji yalitokea wapi," alisema. "Mimi kitu nisichokielewa sikai nikitazame mbele za watu. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Nilimpa mpira aushike, nikamwonyesha ile nafasi ya ndani, nikamwonyesha mifereji kwenye bomba. Alipitisha kidole kwenye mfereji kuzunguka bomba lote, polepole, kama anavyokagua mdomo wa birika. Halafu akaniomba spana ya pili. Tukakaa chini, yeye upande wake na mimi upande wangu, na alipoanza kukaza kwa nguvu zake zote za kupigia bati, nilimshika mkono.

"Polepole, baba. Utaubana mpira."

Alinitazama. Nilidhani nimevuka mpaka. Akalegeza kidogo, akasema, "Haya. Niambie nikifika." Nikawa namwambia: huku kidogo, baba, sasa subiri, sasa tena. Tulifunga vinne vilivyobaki bila kuzungumza jingine, na sijui kama nimewahi kuwa na asubuhi nzuri kuliko ile.

Adhuhuri meneja alikuja na daftari. Wenzangu wa madebe waliacha kazi bila ruhusa. "Leo sikuulizi namchemshia nani," alisema mzee wa boila, akasukuma kuni. Maji yakaingia. Bomba likagongagonga, likarefuka, pingu zikacheza kidogo kama mtani alivyosema zitacheza, na sakafu ikabaki vumbi. Meneja alipita na kidole chake kutoka kiungo cha kwanza hadi cha kumi na mbili, anakitoa upesi kwa sababu ya joto, anakitazama, anaendelea. Kisha tukafunga moto tukapitisha baridi. Bado kavu. Meneja aliweka daftari juu ya tangi akaandika pale pale, na wenzangu wakapiga vigelegele hadi warina asali waliokuwa getini wakauliza nani anaolewa.

Baba ndiye aliyekuwa wa mwisho kugusa. Aliweka kiganja kizima chini ya kiungo, akakiweka muda mrefu, akakitoa akakitazama. "Halikuchomwa popote," alisema.

"Popote, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akaaga, akaenda kwenye mabati yake.

Mwaka uliofuata mtani alirudi kukagua. Nilipomsimulia habari ya sabuni alikaa chini kabisa, machozi yakimtoka. "Mimi nilijua umechukua ya kazi!" alisema. "Nikakusifu hata kwa dereva wa treni, nikasema yule mwanamke ana akili, hakusubiri nimpe." Alipoondoka alibeba debe langu la asali niliyokuwa nimeiweka ya nyumbani, akasema hii yangu, na nikabaki nimeshika mlango.

Lakini ninalolikumbuka zaidi lilitokea kabla ya hapo, wiki chache tu baada ya behewa kuondoka. Tulikuwa tunakula mchana, mimi na mama jikoni, baba barazani na kazi yake. Akaja mtu mgeni na baiskeli, anahema, kwao bomba limepasuka na maji yanaingia ndani ya nyumba. Nilimsikia akimwuliza baba, "Shikamoo mzee. Wewe ndiye fundi?"

Nyundo ya baba ilinyamaza.

"Mimi ni fundi bati," alisema. "Fundi wa bomba anakula. Kaa hapo nikuitie."

Nilisikia ndara zake zikivuka ua. Alisimama mlangoni mwa jikoni, akainama kidogo kwa sababu mlango ule ni mfupi, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hakuniita mama.

"Fundi," alisema, "una mgeni."

Niliuacha ugali pale pale, nikatafuta spana yangu.